Aliyekataa Kiingereza

Kwa miaka yote niliyomjua, mwalimu wangu wa Kifaransa hakusema neno la Kiingereza. Si kwamba alikisema kidogo au vibaya, kama wengi wetu. Hakukisema kabisa. Katika mji kama Maskati, ambako huwezi kununua laini ya simu, kupima sukari wala kugombana na fundi wa kiyoyozi bila Kiingereza cha kuokoteza, hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Pale Ruwi aliwasemesha wauza maduka kwa Kiarabu, wao wakamjibu kwa Kiingereza, yeye akarudia Kiarabu chake polepole zaidi, na mwisho akarudi nyumbani na betri zisizoingia kwenye redio yake. Hakuzirudisha. Alizipanga dirishani, na nadhani alizihesabu kuwa ushindi.

Alikaa Darsait, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya kutengeneza makochi. Mama yangu alinipeleka kwake nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba nitakuwa balozi, na aliwahi kusikia kwamba mabalozi husema Kifaransa. Kila Alhamisi alasiri nilipanda ngazi zile na daftari jipya, na harufu ya gundi ya makochi ikapanda nami. Mpaka leo nikisikia Kifaransa, hata kikisemwa na mwanamke mzuri kwenye televisheni, pua yangu inasikia gundi.

Sikuwa balozi. Nina shahada mbili, na kazi yangu ni kumwandikia hotuba mkubwa mmoja wa idara, hotuba kuhusu umuhimu wa kubana matumizi ya maji. Mwalimu alipozisoma gazetini alinipigia simu, akaniuliza kama kweli inahitajika miaka saba ya chuo kikuu kuwaambia watu wafunge bomba.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hii: mwanafunzi akikosea, hakumkaripia. Aliinuka, akaenda jikoni, akajitengenezea kahawa. Hukujua umekosea wapi, ulijua tu kwamba umekosea, na ulikuwa na muda wa kahawa moja kujitafutia kosa lako. Ukilipata kabla hajarudi, aliinywa kwa furaha. Usipolipata, aliinywa akikutazama. Mwaka wangu wa kwanza alikunywa kahawa nyingi mno, mpaka habari zikamfikia mama kwamba mwalimu wa Darsait hapati usingizi.

Hakuwa mtu mwepesi kumpenda. Alikuwa na kinyongo kirefu na subira fupi. Alisema wanaume wanaocheka kwa sauti wana kitu wanachokificha, na wanawake wanaocheka kwa sauti wamekwisha kukijua. Hakuoa. Mama alipomtafutia mchumba, binti wa watu, mwenye heshima zake na gari lake, alimshukuru kwa adabu akasema nyumba yake tayari ina watu wawili na hapana nafasi ya wa tatu. Mama alirudi nyumbani akiamini kwamba Mwalimu ana jini.

Mtu wa pili nilikuja kumjua mwishoni mwa Ramadhani moja, nilipokuwa mtu mzima na kazi yangu ya maji. Nilikwenda kumchukua tukaipeleke fitra yake, ile zaka ya kumaliza mfungo. Mezani palikuwa na mifuko miwili ya mchele, imepimwa sawasawa. Nikamuuliza wa pili ni wa nani.

"Ya mudogo wangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, na hakukitengeneza kwa ajili ya mtu yeyote.

Nilijua kwamba alikuwa na mdogo wake, akapotea vitani huko Kongo katika miaka ya sitini. Kila mtu alijua. Basi mimi na shahada zangu nikamkumbusha, kwa upole wa kipumbavu, kwamba fitra hutolewa kwa ajili ya aliye hai.

"Nani amekuambia amekufa?"

Nikabeba mifuko yote miwili.

Hapa inabidi nieleze jambo, kwa ajili ya wasioishi Maskati. Sisi Waomani tuliorudi na Kiswahili vinywani si watu wamoja. Wako waliotoka Unguja na Pemba, kama wazee wangu, ambao shule zao zilikuwa za Kiingereza. Na wako waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, waliosomeshwa na mapadri, na lugha yao ya ukubwani ni Kifaransa. Tuliporudi, nchi ilikuwa inajengwa, na ilikuwa inajengwa kwa Kiingereza. Waliokijua walipata benki, mafuta na ndege. Waliojua Kifaransa walipewa pole. Sisi wa Unguja tuliwacheka kwa "mutu" na "mutoto" wao. Wao walituita watoto wa Malkia. Harusini tulikaa ukumbi mmoja, lakini mtu mwenye macho aliweza kuchora mstari katikati ya zulia.

Mimi nilidhani ule mstari ni wa lahaja na vyeo tu. Niliwahi hata kuandika makala juu yake, makala ndefu yenye maneno kama "utambulisho". Mwalimu aliisoma, akaenda kutengeneza kahawa. Sikulipata kosa langu siku ile.

Upande wa pili wa mstari alikaa shemeji yake. Huyu alikuwa amemuoa dada mkubwa wa Mwalimu huko huko Kongo kabla ya vita. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa Unguja aliyekwenda kufungua duka la vitambaa katika mji wao wa mtoni. Hapa Omani alipanda vyeo benki mpaka akastaafu, akajenga nyumba Siib, karibu na soko. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi. Alikuwa mchangamfu, mkarimu, mtu ambaye ungetamani awe mjomba wako. Alipokuona alikushika mkono kwa mikono yote miwili na kukuuliza habari za kila mtu kwa jina.

Mwalimu hakula naye. Kwa watu wetu hilo si dogo, maana wali wa harusi hulika kwenye sinia moja, watu watano wamelizunguka, na kukataa sinia la mtu ni kumkataa mwenyewe. Niliwashuhudia mara moja. Mpangaji wa harusi, kijana asiyejua historia, aliwaketisha sinia moja. Mwalimu aliinuka na magoti yake mabovu, polepole, ukumbi mzima ukitazama, akaenda kukaa na madereva karibu na mlango.

"Muacheni," shemeji akasema, akicheka. "Tumbo lake la Kifaransa hilo, pilau yetu haliiwezi."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini shemeji baada ya hapo hakutia tonge mdomoni. Aliuzungusha tu wali kwa vidole mpaka sinia likaondolewa.

Dada mtu alikuwa katikati. Kila mwaka alimpelekea Mwalimu ujumbe uleule: kaa azaa ya ndugu yetu. Azaa, yaani matanga, kwetu ni siku tatu. Wanaume wa marehemu hukaa safu kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa, na watu huja kuwapa mkono mmoja mmoja. Mpaka azaa ipite, aliyepotea hajafa. Haombolezwi, haliliwi, na anayemlilia anaambiwa anamchuria kifo mtu aliye hai. Na azaa hufunguliwa na mwanamume mkubwa wa ukoo. Mwanamume mkubwa alikuwa Mwalimu. Dada alikuwa akizeeka, moyo wake mbovu, na alichotaka duniani ilikuwa ruhusa ya kumlilia ndugu yake kabla na yeye hajaliliwa.

Nilitumwa mara moja kupeleka ujumbe huo. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikikaa," akasema, "pembeni yangu atakaa nani kupokea mikono?"

Tulijua wote wawili. Shemeji, kwa haki yake ya ushemeji.

"Mwambie dada, mudogo wetu yuko hai."

Nilichukua muda mrefu kuona kwamba katika ukaidi wote ule palikuwa na kitu kisicholingana. Aliyenionyesha alikuwa bawabu wa jengo lake, Mkenya wa Machakos, Mkristo aliyeimba nyimbo za kanisani akiosha ngazi. Mwalimu alimpenda, kwa njia yake ya kumtesa. Bawabu akimwambia, "Mzee, lift imeharibika, nimecall maintenance," Mwalimu aliketi kwenye ngazi akangoja mpaka maneno yote yatafsiriwe. Siku moja yule kijana alinivuta kando.

"Boss, huyu Mzee anatucheza. Anajua Kizungu kutushinda."

Nikamwambia haiwezekani.

"Nakuambia. Kila asubuhi anasikiza news za Kizungu kwa redio, sauti chini kama mwizi. Juzi nikipeleka maji nikamsikia. Mtu wa redio alikosea kitu ya Kongo, Mzee akaanza kumkosoa pekee yake. Kizungu kama ya judge."

Nilimsimulia mama, nikitarajia atacheka. Mama aliweka chini kikombe chake.

"Wewe miaka yote hii hukuambiwa?" akaniuliza. "Nnakwambia basi, lakini usije ukaliandika." Nimengoja mpaka wote wanaohusika wametangulia, mama pamoja nao. Naomba hiyo ihesabiwe kuwa utiifu wa kutosha.

Alichoniambia alikisikia kwa yule dada mwenyewe, na ni hiki. Vita vilipofika mji wao, jeshi lilikuja kukusanya vijana kwa nguvu, wa kubeba mizigo, wa kuendesha malori, wa kushika bunduki. Pamoja na jeshi walikuwapo wazungu wa kukodiwa, wenye kusema Kiingereza, na katika mtaa ule wao ndio waliokuwa na kauli ya mwisho. Waarabu wenye Kiingereza walisimama milangoni wakasema: sisi ni wageni, watu wa Unguja, vita hivi si vyetu. Wakaachwa. Watoto wa shule ya mapadri walisema maneno yaleyale kwa Kifaransa, wakaonekana ni wenyeji wanaokwepa jeshi, wakapandishwa lori. Nyumba zenye Kifaransa zikatoa vijana, na nyumba zenye Kiingereza zikatoa salamu za pole. Nao walikuwa majirani, walioazimana chumvi na kuozana mabinti. Ule mstari niliouona kwenye mazulia ya harusi za Maskati, mimi mtaalamu wa utambulisho, ulichorwa siku zile.

Walipogonga kwa shemeji, ndugu wawili walikuwa ukumbini, wamekimbilia kwa dada yao. Shemeji akasema kwa Kiingereza, hawa wote ni wangu, tumetoka Unguja. Mzungu akataka waseme wenyewe. Mwalimu alijibu, kwa kuwa jioni baada ya shule shemeji alikuwa akimfundisha Kiingereza dukani. Alijibu vizuri. Mdogo wake hakuwa na cha kujibu. Yeye jioni alikuwa anacheza mpira. Mzungu akamgeukia shemeji, na bunduki yake, akamuuliza mara ya pili: na huyu?

"Huyu simjui," shemeji akasema.

Dada alikuwa nyuma ya pazia, na mimba ya mtoto wake wa kwanza.

Nikamuuliza mama, Mwalimu je?

"Mwalimu alikuwa kasimama papo hapo, mwanangu. Na Kiingereza chake mdomoni. Angeweza kusema, huyu ndugu yangu. Maneno matatu. Hakusema kitu. Na yule mtoto alipokuwa anatolewa alikuwa anamtazama yeye, hamtazami shemeji."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kumtafsiria Mwalimu hospitali bila kumtazama usoni kwa kila neno. Muuguzi alimuuliza kwa Kiingereza anaumwa wapi, nami nikamgeuzia kwa Kiswahili. Akajibu, nikamrudishia muuguzi. Katikati ya maneno yangu niliona jicho lake likinisahihisha. Mara moja nilikosea kabisa, nikasema mgongo badala ya figo. Alikubali kutibiwa mgongo.

Shemeji alikufa mwaka juzi, Ijumaa, akiwa anavaa kwenda msikitini. Siku ya kwanza ya azaa Mwalimu hakwenda, na hapana aliyemtarajia. Siku ya pili asubuhi alinipigia simu.

"Nipeleke Siib," akasema.

Tukapita uwanja wa ndege. Hapo akaniambia kwamba anakwenda kwa ajili ya dada yake, atakaa kidogo, karibu na mlango, na nisizime injini. Nilizima, maana petroli ni yangu.

Sabla ilikuwa imejaa. Mtoto mkubwa wa shemeji, mhandisi, yule aliyekuwa tumboni siku ya lori, aliinuka alipomwona mjomba wake, akampisha mahali pa heshima katikati ya safu. Mwalimu alitikisa kichwa, akakaa mwisho kabisa, karibu na viatu. Mpwa wake, badala ya kurudi mahali pake, alihama akakaa pembeni yake. Watu wakawa wanaingia, wanapita safu, wanasema ahsana llahu azaakum, Mungu awafariji, wanapokea kahawa na tende, wanatoka. Mwalimu alitoa mkono wake kama mtu anayeazima kitu, akitazama zulia.

Kisha akaingia mzee mmoja wa upande wa Kongo, fundi cherehani wa zamani anayekaa Barka, macho yake yamekaribia kuzimika, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Huyu hakuwa amesikia kwamba shemeji amefariki. Alichosikia, kwa simu ya mtu aliyetuona tukiingia, ni kwamba Mwalimu wa Darsait amekaa azaa. Kwa watu wa mji ule wa mtoni habari hiyo ilikuwa na maana moja tu. Walikuwa wakiingoja kwa miaka sitini.

Hakuwapa mkono wengine. Aliuliza Mwalimu yuko wapi, akaongozwa mpaka kwake, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, ndugu yangu," akasema, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Mwishowe umekaa azaa ya mudogo wako. Mutoto yule alikuwa muzuri. Tulipandishwa lori moja, mimi na yeye. Mimi niliruka. Yeye alisema anangoja, kaka yake atakuja kumusemea."

Mhandisi alifungua kinywa ili asahihishe, kwa heshima, kwamba hii ni azaa ya baba yake. Mwalimu akamwekea mkono gotini, akambana.

"Amin," akamwambia yule fundi. "Mungu akulipe kheri kwa kuja."

Akamkalisha upande wake wa pili. Baada ya hapo hakulitazama zulia tena. Yule fundi akamwambia mjukuu wake apige simu, na kufika alasiri wakaanza kuwasili, wazee wa Kongo ambao walikuwa hawajakanyaga mlango wa shemeji tangu warudi Omani, wengine na fimbo, mmoja na mtungi wa oksijeni. Walipita safu nzima. Walimpa mkono mtoto wa shemeji kwa ajili ya baba yake, kisha wakampa Mwalimu mkono kwa ajili ya mdogo wake, na hapana aliyeuliza swali. Waunguja walioingia nyuma yao waliona namna inavyofanywa, wakafanya vilevile. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Baada ya swala ya Magharibi nilimpeleka nyumbani kwa dada yake, hatua chache kutoka pale. Dada alikuwa ameshaanza eda ya mumewe, haonani na wanaume ila ndugu zake, kwa hiyo nilibaki barazani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilimsikia dada akiuliza kama watu walikuja.

"Wengi."

"Na wa kwetu?"

"Na wa kwetu."

Mtu akapita jikoni na vyombo.

"Ulipokea mikono ya nani?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kusikilizwa.

"Ya wote wawili."

"Wote wawili?"

"Dada, mimi nilikuwa najua kusema. Bwana yako alisema hamujui kwa sababu ya bunduki. Mimi nilikuwa najua kusema."

"Nilikuwa nyuma ya pazia," dada akamwambia. "Nilikuwa najua siku zote." Kisha akauliza, "Basi naweza kulia sasa?"

"Lia," Mwalimu akasema.

Niliondoka pale mlangoni nikaenda kukaa garini, vioo juu, kwa kuwa kilio kile hakikuwa changu kukisikiliza. Nilikisikia hata hivyo, na baada ya muda nikasikia kwamba kilikuwa cha watu wawili.